Mkononi Mwake Mwenyewe

Hosea Asheri alikuwa mtu mwoga, na hakuwahi kulificha jambo hilo. Aliogopa mbwa wa Raskazone, aliogopa radi, aliogopa kuitwa ofisini bila kuambiwa anaitiwa nini. Mkewe, Dorkasi, alizoea kumtania kwamba katika kazi zote za serikali ameokota ile inayomtaka mtu abishe hodi kwa watu wasiotaka kumwona. Hosea alikuwa mpeleka samansi, hati za kuitwa kortini, wa Mahakama Kuu, Tanga.

Kazi hiyo aliipata mwaka themanini na saba. Kabla ya hapo alikuwa karani wa mizani katika shamba la mkonge kwenye barabara ya Pangani. Baba yake ndiye aliyeteremka kutoka milima ya Lushoto kuja kukata mkonge pale, na pale ndipo alipozikwa. Bei ya mkonge ilipoanguka, shamba likafungwa, na Hosea akaingia mjini na mke, godoro na baiskeli. Mtu wa kanisani kwao akamwombea nafasi mahakamani. Wakampa mkoba wa ngozi uliokwisha chakaa, akaambiwa kazi yake ni moja: karatasi imfikie anayetajwa, kisha yeye arudi aape kwa maandishi kwamba imefika.

Alipeleka samansi za mashamba, za talaka, za wenye nyumba na wapangaji. Alitukanwa, alimwagiwa maji, mara moja alifukuzwa na panga huko Muheza. Akirudi nyumbani, mtaa wa Usagara, alikuwa anakaa kwanza, mikono imekumbatia kikombe cha chai, mpaka moyo utulie. Lakini hakuacha. Miaka ile serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi. Orodha ilibandikwa ukutani, watu wakaisoma kwa kidole, na aliyelikuta jina lake alitoka nje bila kumuaga mtu. Mwenye kazi alikaa nayo.

Mwishoni mwa Novemba, mwaka wa tisini na tano, mwezi mmoja baada ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, karani mkuu wa masjala alimwita. Jina lake Mselem, mtu mzima mwembamba aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Mezani mbele yake palikuwa na bahasha ya kaki yenye muhuri mwekundu.

"Keti, Hosea. Umewahi kupeleka kesi ya uchaguzi?"

"Hapana, bwana Mselem."

"Basi nisikilize. Hii si kesi ya shamba. Kwenye shamba ukikosea leo, unarekebisha kesho. Hii imefunguliwa siku ya ishirini na tisa tangu matokeo, na sheria inatoa thelathini. Imebanwa kila upande. Jina likikosewa, imekufa. Siku ikipita, imekufa. Na Msajili ameamuru apewe mkononi mwake mwenyewe, ndani ya siku kumi na nne. Ikitua mkono mwingine, imekufa vilevile."

Hosea akaigeuza bahasha asome jina. Abass Idarusi.

Hakuna asiyemjua Idarusi. Milango ya biashara ilipofunguliwa alianza na marobota ya mitumba, akaja na mchele, akaja na malori, na sasa alikuwa mbunge. Watu walimpenda na walimwogopa, na ilikuwa vigumu kujua kipi kinaanzia wapi.

"Nani aliyemshtaki?" Hosea aliuliza.

"Mwanamke wa Kigombe. Kazija binti Jumbe, mkaanga samaki. Alikuwa wakala wa yule mgombea aliyeshindwa. Anasema aliliona sanduku la kura likitoka chumbani kabla ya kuhesabiwa, likarudi lakiri imekatika. Mgombea wake alitembelewa na watu, akanyamaza. Yeye akaambiwa kwamba hata mpiga kura aliyeandikishwa anaweza kufungua kesi, akaja akatia sahihi."

"Mwanamke peke yake?"

"Peke yake," alisema Mselem, akamsukumia bahasha.

Siku iliyofuata Hosea alipanda baiskeli hadi Raskazone. Nyumba ya Idarusi ilikuwa mojawapo ya zile za zamani za Wazungu, yenye baraza pana na geti jipya la chuma. Mlinzi alimwambia kupitia tundu kwamba mheshimiwa amesafiri kwenda Dar es Salaam. Nyuma ya mlinzi Hosea aliliona gari la mheshimiwa, na dereva akilifuta vumbi. Alirudi siku ya tatu, akaambiwa mheshimiwa yuko Arusha. Siku ya nne akaambiwa mheshimiwa anaumwa.

Siku ya tano, jua likiwa bado kali, alikuwa anaikokota baiskeli karibu na nyumbani, tairi imeisha upepo. Pikapu nyeupe ikasimama ubavuni pake. Wakashuka wanaume wawili, mmoja mnene mwenye kofia ya kufuma, mwingine kijana mwenye mswaki mdomoni. Yule mnene akamsalimu kwa upole kabisa.

"Bwana Hosea, hujambo? Shemeji Dorkasi hajambo?"

"Hajambo."

"Na Rahila? Yuko darasa la nne sasa, sivyo? Mtoto mwenye akili. Asubuhi anapita njia ya reli, peke yake."

Hosea aliushika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili.

"Hatukuombi jambo kubwa," alisema yule mtu. "Kuna karatasi utaiandika. Andika 'hakupatikana'. Neno moja. Wewe umezunguka, umechoka, hukumpata. Nani atakulaumu?"

Kijana akautoa mswaki mdomoni, akatema mate karibu na kiatu cha Hosea. Wakaondoka.

Kuanzia siku hiyo alimpeleka Rahila shuleni mwenyewe. Gari lolote likipunguza mwendo nje, aliinuka. Dorkasi alimuuliza mara mbili kuna nini, naye akasema ni homa.

Siku ya tisa akaenda tena Raskazone, na safari hii geti lilifunguliwa. Alitoka mwanamke aliyejitanda buibui, marashi yakamtangulia. Alikuwa Asmahani, mke wa mheshimiwa. Alimkaribisha barazani, akamletea sharubati ya ukwaju kwenye bilauri, akamwonea huruma kwa jua.

"Watu wanakusumbua bure, baba. Nipe mie hiyo karatasi. Akirudi nitampa. Nikutilie sahihi wapi?"

Hosea alijua. Hilo baadaye alilikiri mbele za watu, kwamba alijua. Amri ilisema mkononi mwake mwenyewe, naye alikuwa ameisoma mpaka akaihifadhi moyoni. Lakini mama huyu alikuwa anatabasamu, na hakuna aliyetaja jina la mtoto wake. Akaitoa bahasha, mama akatia sahihi nakala ya kurudisha, na Hosea akashuka barazani miguu ikiwa myepesi kama mtu aliyetua gunia. Njia nzima alipiga mluzi wa nyimbo za kanisani.

Ofisini alichukua fomu ya kiapo. Ilikuwa imeandikwa tayari kwa mashine, imeachwa nafasi: *nilimkabidhi* kisha mistari ya nukta. Mselem alisimama nyuma yake.

"Umempa nani?"

"Mkewe."

Mselem alikwenda akafunga mlango.

"Amekupa na kinywaji?"

"Sharubati."

"Wakili wao ndiye aliyekupa sharubati hiyo, Hosea. Anataka uandike hivyo. Siku ya kesi atasimama aseme mteja wake hakukabidhiwa kama ilivyoamriwa, na kesi itafutwa kabla yule mama hajafungua mdomo."

"Basi niandike nini?"

"Mimi sikuambii uandike nini. Kiapo ni chako, sahihi ni yako." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Zimebaki siku tano. Nakala nyingine ipo kabatini."

Hosea aliiacha fomu bila kuijaza. Alikaa akiziangalia zile nukta. Akiandika *hakupatikana*, Rahila atapita njia ya reli kwa usalama. Akiandika *mkewe*, ataandika kweli, na kweli hiyo itaiua kesi. Njia zote mbili zilimtoa yeye salama. Hilo ndilo lililomtia aibu.

Kesho yake Kazija mwenyewe alikuja masjala. Hosea hakuwa amemwona kabla. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mikono ina makovu ya mafuta ya moto, kanga zake zimefuliwa mpaka rangi zimepauka. Alisimama dirishani akauliza kama karatasi yake imefika.

"Bado, mama. Shikamoo," alijibu Hosea.

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe unayeipeleka?"

"Ndiye mimi."

Kazija alimtazama kwa muda. "Na wewe wamekufuata," alisema. Halikuwa swali. "Mie juzi wamenivunjia vichanja vyote vya kuanikia samaki. Jana watu wa mtaani hawakununua kitu kwangu, hata jirani. Wamekatazwa. Silali, mwanangu. Nalala na kinu nyuma ya mlango."

"Kwa nini usiifute kesi, mama?"

Lilimtoka kabla hajalipima. Kazija hakukasirika.

"Kwa kuwa niliona. Ingekuwa nimehadithiwa, ningeifuta." Akajifunga kanga upya. "Keshokutwa anakuja kwetu. Kachinja ng'ombe wawili, anawashukuru wapiga kura. Atakuwa anashika mkono wa kila mtu."

Akaenda zake. Hosea alibaki ameshika ukingo wa dirisha.

Jioni hiyo alimweleza Dorkasi yote, pamoja na habari ya Rahila. Dorkasi alisikiliza huku akikanda unga, na Hosea alipofika kwenye habari ya njia ya reli aliacha kukanda.

"Usiende," alisema.

"Sawa."

"Unasema sawa upesi hivyo?"

"Naogopa, mama Rahila."

Dorkasi akanawa mikono. Akaanza kukunja nguo za Rahila na za wadogo zake na kuzitia kwenye kikapu. "Nitawapeleka kwa dada Muheza kwa basi la asubuhi. Ukienda Kigombe, vaa shati la kanisani. Usije ukafanana na mwizi."

Ilikuwa Jumamosi. Safari ya baiskeli kutoka mjini hadi Kigombe ni ya saa tatu kwa mtu asiye na haraka, na Hosea hakuwa na haraka hata kidogo. Alipita mashamba ya mkonge aliyokulia, mengi yamegeuka pori. Mara mbili alishuka akaenda vichakani kujisaidia, na mara zote mbili hakikutoka kitu. Bahasha yenye nakala ya pili alikuwa ameifunga tumboni chini ya shati kwa kipande cha kanga ya mkewe.

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Masufuria ya pilau yalifuka upande mmoja, ngoma zilipigwa upande mwingine, na katikati, chini ya turubai, Abass Idarusi alikuwa amesimama na kanzu nyeupe, anapokea mikono ya watu. Foleni ilikuwa ndefu. Hosea akaegemeza baiskeli ukutani, akaenda nyuma kabisa ya foleni.

Alikuwa amesogea nafasi za watu kumi alipomwona yule mnene wa kofia ya kufuma, amesimama karibu na masufuria anacheka na wapishi. Kijana wa mswaki alikuwa hatua tatu kutoka kwa mwenzake. Hosea aliinamisha uso. Jasho lilimtoka mpaka akahofu wino wa bahasha utachuruzika. Mzee aliyekuwa mbele yake aligeuka akamuuliza anatoka mtaa gani. Akajibu jambo, hakujua amejibu nini. Alijiambia, akifika kwa watu watano atatoka foleni aende zake. Akafika kwa watu watano. Akajiambia watatu. Mkono wake ulikuwa umekwisha ingia ndani ya shati.

"Karibu, karibu ndugu yangu! Umeshakula?" Idarusi aliunyosha mkono. Macho yake yalikuwa tayari kwa mtu wa nyuma.

"Mheshimiwa Abass Idarusi?"

"Ndiye mimi, nani mwingine?"

Hosea aliiweka bahasha kwenye kile kiganja kilichofunguka, na vidole vya Idarusi vikafumba juu yake, kama mkono wowote unavyofumba ukipewa kitu.

"Samansi ya Mahakama Kuu," alisema Hosea. Sauti ilipasuka, akaanza upya. "Samansi ya Mahakama Kuu, Tanga. Nimekukabidhi mkononi mwako mwenyewe, leo Jumamosi, saa saba na robo."

Walio karibu wakanyamaza, halafu walio nyuma yao, mpaka na ngoma ikasita. Idarusi aliitazama bahasha kama aliyeshikishwa kaa la moto. Akaiachia. Ikaanguka mchangani.

Hosea hakuona nani aliyempiga kwanza. Alijikuta chini, mdomo una ladha ya chuma, goti la mtu liko mgongoni. Kisha ikasikika sauti ya mwanamke kutoka kwenye masufuria, kali, ikipanda juu ya zote.

"Mwacheni! Kaishika! Tumeona sote kaishika!"

Alikuwa Kazija, mkononi ana mwiko aliomnyang'anya mpishi. Hakuna aliyemuunga mkono. Lakini hakuna aliyemkanusha, na mamia ya watu walikuwa wanamtazama mbunge wao. Idarusi alijua kusoma nyuso za watu, biashara ilimfundisha. Akacheka.

"Mwacheni mtumishi wa serikali. Yuko kazini. Mpeni mahali akae, apewe pilau."

Akainama amwinue mwenyewe, akamkung'uta mchanga begani, na mdomo wake ukawa sikioni mwa Hosea. "Sura yako nimeishika," alinong'ona.

Wakamkalisha mkekani, wakamwekea sinia peke yake. Yule mnene alichuchumaa mbele yake. "Kula," alisema. Hosea alikula. Damu ya mdomo ilichanganyika na wali, na kila tonge alilifikiria sumu, na kila tonge alilimeza, kwa kuwa watu walikuwa wanamtazama na hakujua atafanyaje asipolimeza. Alipomaliza robo ya sinia alishukuru, akainuka, akaiendea baiskeli yake. Hakuna aliyemzuia.

Alipofika kwenye mkonge, alisikia gari nyuma. Ilikuwa pikapu. Haikumpita. Ilikwenda taratibu, ikikaribia na kubaki nyuma, mpaka Hosea akaitupa baiskeli mtaroni na kuingia katikati ya mistari ya mkonge. Miiba ilimchana mikono na shati la kanisani. Alilala kifudifudi kwenye nyasi, akimwomba Mungu kwa Kishambaa, lugha ambayo hakuwa ameitumia kuomba tangu mama yake afariki. Gari lilisimama. Mtu alishuka, akakohoa, akakojoa, akapanda. Likaondoka. Harufu ya samaki wabichi ilibaki hewani. Mpaka leo hajui kama walikuwa watu wa Idarusi au wachuuzi wanaowahi soko.

Jumatatu aliandika kiapo. Hakutumia fomu. Aliandika kwa mkono kurasa tatu: geti la Raskazone, watu wawili na walichosema, sharubati, sahihi ya Asmahani, na uwanja wa shule. Mselem alisoma mpaka mwisho.

"Hakuna anayeandika haya, Hosea. Hili la mke wake lingeachwa."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Utakuwa umewapa kisu."

"Wanacho tayari. Nakala yenye sahihi ya mama ninayo mimi, lakini mama mwenyewe wanaye wao."

Mselem akagonga muhuri.

Februari wakili wa Idarusi alikuja kutoka Dar es Salaam na pingamizi la awali. Alisema mteja wake hakupewa hati mkononi, ila mkewe aliachiwa karatasi barazani, hivyo shauri zima lifutwe. Hosea akaitwa kizimbani. Aliishika Biblia kwa mikono miwili.

"Ni kweli ulimpa mke wa mjibu shauri?" aliuliza wakili.

"Kweli. Siku ya tisa. Nimeandika ukurasa wa pili."

Wakili aliufunua ukurasa huo. Hakutarajia kupewa bure. "Ulijua ni kinyume cha amri?"

"Nilijua."

"Kwa nini ulifanya?"

"Niliogopa."

"Na siku hiyo unayodai ulikwenda Kigombe, uliogopa pia?"

"Zaidi."

Wakili aligeukia watu akitabasamu. "Mheshimiwa Jaji, mtu aliyejaa hofu huona mambo ambayo hayapo. Bwana Hosea, kwa hofu hiyo, utajuaje ulimpa nani?"

"Hata sasa naogopa, bwana wakili," alisema Hosea, "na ninakuona vizuri tu."

Watu wakacheka, na jaji hakuwakemea. Siku tatu baadaye akatoa uamuzi: hati ilifika mkononi mwa anayetajwa, ndani ya siku zilizoamriwa, na kule kuifikisha kwanza mahali pasipostahili hakukuiharibu iliyofika panapostahili. Shauri litasikilizwa.

Likasikilizwa, kwa kuahirishwa na kuahirishwa, zaidi ya mwaka. Kazija alisimama kizimbani siku mbili. Hosea alikuwa mlangoni akiita majina ya mashahidi, na wengi aliowaita hawakutokea. Katikati ya mwaka uliofuata alipata barua ya uhamisho kwenda mahakama ya mwanzo huko Handeni, bila sababu, isipokuwa maneno *kwa manufaa ya kazi*. Dorkasi aliisoma, akasema angalau si orodha ya ukutani. Watoto walikuwa wamekwisha rudi, lakini Rahila alikuwa bado anasindikizwa.

Hukumu ilitolewa wiki ambayo Hosea alikuwa anafungasha. Matokeo ya uchaguzi yakabaki yalivyo. Nje magari ya Idarusi yalipiga honi kuzunguka mji. Kazija alitoka chumba cha mahakama wa mwisho, ana nakala mkononi, akamkuta Hosea barazani.

"Wameandika Kizungu," alisema. "Nisomee."

Hosea aliangalia barabarani kabla ya kukaa. Walikaa kwenye ngazi, akawa anamgeuzia kwa Kiswahili cha kawaida, kwa sauti ya chini, kurasa thelathini na nane. Alikatisha kusoma kila gari lilipopita karibu. Alifika mahali jaji alipoandika kwamba kasoro katika kituo kimoja, hata zikithibitika, hazikutosha kubadili matokeo ya jimbo zima. Kazija aliitikia kwa kichwa, kama aliyelitegemea hilo.

"Endelea."

"Anasema, 'Shahidi wa kwanza, Kazija binti Jumbe, nilimtazama akitoa ushahidi. Hakuyumba. Naamini kwamba aliyosema ameyaona, aliyaona.'"

"Hapo. Rudia."

Ng'ambo ya barabara pikapu ilikuwa imepunguza mwendo. Hosea aliiona. Akaweka kidole kwenye mstari na kuusoma tena, neno baada ya neno, na Kazija akausogelea ule ukurasa aone jina lake limekaa wapi.